Ukienda Kushoto Utapotea

Mpaka leo wapo watu hapa Dubai wanaoamini kwamba mimi ni mtu wa mrengo wa kulia, tena wa kulia wa kufa na kupona. Nimejitetea mpaka nimechoka. Ukweli ni kwamba asubuhi ile nilikuwa namwelekeza mtu njia ya kufika nyumbani kwetu.

Nianze na kundi lenyewe. Jina lake silitaji, wenyewe watajijua. Nililianzisha kwenye simu miaka michache iliyopita, nilipohamia Al Nahda kwenye fleti ya wanawake tisa, kwa shida moja tu: kitanda kikibaki wazi, apatikane mpangaji anayejua Kiswahili, tuelewane jikoni. Mtu alikuwa anaandika, "Kitanda cha chini, karibu na dirisha, mwanamke tu, asiwe wa kukaanga samaki kila siku," na mwingine anajibu, "Nakuja kukiona kesho," basi, mazungumzo yameisha. Lakini Waswahili ukiwakusanya watano, wa sita atakuja na mada. Akaja mmoja akauliza kama ugali wa unga wa madukani hapa unastahili kuitwa ugali. Ubishi ule ulichukua wiki nzima, na baada yake hakuna aliyekumbuka vitanda. Tukaingia kwenye mpira, tukatoka kwenye mpira tukaenda kwenye karo za shule nyumbani, tukafika kwenye serikali, na hapo ndipo tulipohamia na mizigo yetu yote. Walikuwepo Wakenya, Watanzania wa bara, Wazanzibari, na Waganda walioanza kila ujumbe kwa kuomba radhi kwamba Kiswahili chao kibovu, kisha wakabisha kuliko sisi sote. Sharti langu lilikuwa moja: siasa za kwetu ruksa, za mwenye nyumba tuliyomo, yaani nchi hii, hapana.

Mimi ndiye admin. Natoka Morogoro, nasimamia wapiga deki kwenye jengo moja la ofisi, na tabia ya kazini niliileta kundini: nikiona uchafu nautoa. Picha za maua zenye "Jumatatu njema" nilifuta. Habari ya kuzushwa nilifuta. Ujumbe uliotumwa mara mbili nilifuta mmoja, na mwenye nao nikampa maneno yake. Watu wakaniita Madam Deki. Nilijifanya nimekasirika, lakini moyoni jina lilinipendeza.

Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwenzangu wa chumba, Mkenya wa Nakuru, mlinzi kwenye maghala ya vipuri vya magari kule Ras Al Khor. Kitanda chake na changu vinatenganishwa na pazia. Kwake yeye serikali ilipaswa kutoa kila kitu: shule, hospitali, dawa, hata uji wa watoto. Alikuwa anaandika akiwa zamu, amesimama na kofia yake kichwani, na akirudi jioni ananiendelezea hoja ile ile huku ameloweka miguu kwenye beseni. Nilimpenda, na bado nampenda.

Aliyempinga siku zote alikuwa mzee mmoja wa Unguja, msimamizi wa upakiaji bandari ya Al Hamriya, huko yanakoondoka mafriji makuukuu na matairi kwenda Afrika. Huyo alishikilia kwamba kila mtu ale jasho lake, na kwamba serikali ikimbeba mtu sana inamlemaza miguu. Ila kubwa lake halikuwa siasa, lilikuwa Kiswahili. Uliweza kuandika kwamba unaumwa homa, naye kabla ya kukupa pole akakurekebisha ngeli.

Na alikuwepo mdogo wetu. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa mdogo kweli, binti wa Singida, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba kubwa iliyo mbali na kila kituo cha basi. Madam na watoto walizungumza Kiarabu, mpishi alizungumza lugha ya kwao, na yeye hakuwa na mtu wa kumwambia hata "umeamkaje". Simu alipewa alasiri, saa ya kupiga pasi, watoto wakiwa wamelala. Aliandika kwa nadra sana. Aliwahi kuniambia faragha kwamba anaweka kisikilizio kwenye sikio moja, la upande wa ukutani, anasikiliza sauti zetu tunavyobishana.

"Mkigombana, dada, najiona niko nyumbani," aliniambia.

Nilicheka. Nikamwambia basi ana bahati, maana kwa kugombana hatujambo.

Kiasi cha mwezi mmoja kabla ya kisa hiki, mama yake alifariki. Kaka yake alinipigia mimi kwa kuwa yeye hakupatikana, nami nikasubiri saa yake ya pasi ifike, nikamwambia. Kwenda kuzika hakukuwezekana. Basi kundi likakaa matanga kwenye simu. Wakristo waliimba, Waislamu walisoma dua, mwenzangu alirekodi pambio akiwa lindoni kwa sauti ya chini, na mzee wa Unguja, nakiri, siku hiyo hakumrekebisha mtu. Katikati ya pole hizo ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wetu mwenyewe, wa dakika nne. Niliufungua kwenye mapumziko ya kazini, nikiwa na haraka zangu. Mwanzo wake haukuwa na neno lolote. Ilikuwa pasi inatoa mvuke, fss, kimya, fss tena. Nikajua simu imejibonyeza yenyewe mfukoni mwa aproni. Nikaogopa pia isije sauti ya madam ikasikika humo, binti wa watu akapata matatizo. Nikaufuta kwa wote, nikaandika, "Jamani, tufunge simu kabla ya kuziweka mfukoni." Kisha nikarudi kwenye ndoo zangu, nimeridhika kwamba kundi lina admin.

Ndipo akaja msomi. Alikuwa bwana mmoja Mtanzania, mpokezi wa wageni hotelini, aliyesomea siasa chuo kikuu na hamu ikawa bado haijamwisha. Alijiunga asubuhi, akaandika ujumbe mrefu wenye adabu sana. Alisema kila jukwaa la mijadala mtandaoni huegemea mahali, hata wenyewe wasipojua, na yeye ni mtu asiyependa kuingia nyumba bila kujua mlango wake unatazama wapi. Angeomba kufahamu itikadi yetu kabla hajachangia. Akamalizia kwa ujumbe mfupi wa peke yake: "Samahani admin, ni kushoto au kulia?"

Haya, na mimi asubuhi ile nilikuwa nini? Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, na msimamizi wangu anaita "yalla, yalla", haraka haraka, mlangoni, maana simu zetu zinafungiwa kabatini zamu ikianza. Tena nilikuwa namngoja dada mmoja wa Kiganda aliyekuwa anakuja kuona kitanda cha dirishani. Alikuwa njiani, kwenye basi, na tangu alfajiri alikuwa ananiuliza faragha vichochoro vya Al Nahda kimoja kimoja. Juu ya kioo cha simu nikaona mstari wa mwisho tu: samahani admin, ni kushoto au kulia. Nikajibu hapo hapo, bila kutazama ni nani aliyeuliza:

"Kulia, mpendwa. Ukienda kushoto utapotea, wengi wamepotea huko. Wewe shika kulia tu mpaka mwisho."

Nikafunga kabati.

Mchana nilipotoka kula nilikuta ujumbe zaidi ya mia mbili. Msomi alikuwa amejibu, "Ahsante admin kwa msimamo ulio wazi kabisa," kisha, akijua sasa yuko kwa wenzake, akaweka waraka kuhusu uvivu wa watu wanaosubiri serikali. Mzee wa Unguja alikuwa ameandika, "Hatimaye bibi umeona haki." Na mwenzangu wa chumba, huyo niliyemwachia chai kwenye chupa asubuhi ile ile, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zote.

"ATI WENGI WAMEPOTEA HUKO? Admin, ni mimi unaambia nimepotea? Mimi tunashare sufuria na wewe? Si ungeniambia tu kwa uso!"

Dada wa Kiganda naye, kwa kukosa jibu langu, alikuwa amejiendea kushoto akajikuta yuko Sharjah, mji mwingine kabisa.

Nilieleza. Nilirekodi sauti, nikaandika, nikatuma mpaka ramani ya mtaa wetu nikiwa nimeizungushia duara nyekundu pale kwenye kona ya duka la mikate. Hakuna aliyeniamini. Ningesema nilikuwa na homa kali ya kuweweseka wangeniamini zaidi. Jioni nilimkuta mwenzangu amevuta pazia, na beseni lake amelipeleka upande wa pili. Nikamwambia habari za kazi. Akaongeza sauti ya simu yake. Nikamwambia chai iko tayari. Akasema, "Asante, mimi nimepotea, sioni njia ya jikoni." Baada ya hapo hakunisemesha tena.

Unaweza kufikiri ni jambo la kuisha baada ya siku mbili. Halikuisha, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limeingia ndani ya watu. Kwetu chama unakijua kwa rangi ya fulana na kwa kuuliza mgombea ni wa wapi. Mambo ya mirengo tulikuwa tunayasikia kwenye taarifa ya habari, ni ya watu wa mbali. Sasa kila aliyeandika kitu alipimwa. Ukisema mshahara mdogo, wewe kushoto. Ukisema kijana afanye kazi, wewe kulia. Mtu aliuliza dawa ya kikohozi, akajibiwa kwamba anayetaka dawa ya bure aende upande wake.

Mzee wa Unguja alijaribu kuleta elimu. Alituma sauti ya dakika sita.

"Hebu n'sikilizeni. Wazee wetu wakisema mkono wa kuume. Huu wa kulia ni wa kulia chakula, ndiyo maana ya jina lake, unalia wali kwa mkono huu. Basi mkiniambia kundi hili ni la kulia, mie nauliza, chakula ki wapi? Maana tangu n'ingie humu sijaona hata sahani."

Watu kumi wakacheka, kisha wakarudi kugombana.

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nimezaliwa nazo, mama yangu alikuwa anasema nilitoka nimekunja ngumi. Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nilikaa kitandani na daftari, nikachora mstari katikati, huku kushoto, huku kulia, nikarudi nyuma kusoma ujumbe wa miezi mingi ili nijue kundi langu ni la upande gani. Kazi ile ilinishinda. Mwenzangu, anayetaka serikali ilee kila mtu, nilimkuta anamwambia mdogo wake wa kiume kupitia kwetu kwamba asipoamka akatafuta kazi atakula mawe. Mzee wa Unguja, wa kila mtu na jasho lake, ndiye aliyekuwa anamtembelea hospitali kijana wa Kiganda asiyemjua, kila siku kwa majuma mawili, na uji kwenye chupa, akiupika mwenyewe. Na mimi je? Mimi nilikuwa nimemtetea kila mtu na nimemfukuza kila mtu. Nilichogundua tu ni kwamba nusu ya ujumbe wote ulikuwa ni "pole", "hongera" na "umefika salama?" Sikujua niuweke upande gani, nikafunga daftari.

Lakini huko kwenye simu walikuwa wameshaanza kugawana. Wa mwenzangu walisema watafungua kundi lao. Wa msomi wakasema heri. Nikaona mtoto akililia wembe mpe. Nikatangaza kura, ipigwe mpaka Jumamosi mchana, na upande utakaoshindwa ukubali au nilifunge kundi zima, khalas, imekwisha, kila mtu abaki na kichwa chake. Msomi alinishauri niweke na jibu la katikati. Nikamwambia katikati ya barabara ndipo mtu anapogongwa. Nikaandika kwa ufupi, kwa sababu nilikuwa nimenuna:

"Kundi hili ni la: Kushoto. Kulia."

Watu walipiga kura kama vile kuna nchi inangoja. Kila nikiangalia, pande mbili zinakwenda sawa, mmoja huku, mmoja huku. Jumamosi mchana ilipofika, kulia walikuwa wamezidi kwa kura moja.

Kura ile ya kwenye simu inaonyesha aliyepiga. Mwenzangu akapita jina kwa jina, na alipofika kwenye jina fulani akaandika kundini, mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, niko upande wangu wa pazia, na nilisikia vidole vyake vikigonga kioo.

"Mdogo wetu, hata wewe? Madam hakupi off hata siku moja kwa mwezi, unafanya kazi ka' mashine, na unavotia wenye wanasema maskini ni mvivu? Aki umeniuma. Sisi tunatoka. Tuko wengi."

Akajibiwa na huyu, akajibiwa na yule, matusi mawili yakapita, la kwanza la Kenya na la pili la Tanzania, na hapo damu ikanipanda. Niliandika, "Nimewaambia." Nikaanza kulifunga.

Kulifunga kundi si kubonyeza kitufe kimoja. Unamtoa mtu mmoja mmoja, na kila unayemtoa, simu za waliobaki zinaandika kwamba admin amemtoa fulani. Nilianza na msomi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza. Nikamtoa aliyetukana, na aliyemjibu. Nikamtoa mtu wa maua ya Jumatatu, ambaye hakuwa na kosa siku hiyo, ni deni la hasira za zamani. Nilikuwa nimefika wa saba. Ilikuwa alasiri, kiyoyozi kinanguruma, chini watoto wa Kihindi wanacheza mpira wa kugonga kwa fimbo kwenye maegesho, na mimi natoa watu kana kwamba naokota karatasi sakafuni.

Ukaingia ujumbe wa sauti wa mdogo wetu. Nikaubonyeza, na nyuma ya pazia nikasikia mwenzangu naye ameubonyeza, kwa hiyo sauti ikaja mara mbili, moja nyuma kidogo ya nyingine. Alikuwa anaongea chini sana, kwa kasi. Pasi ilikuwepo, fss.

"Shikamoo dada admin. Shikamooni wote. Naona watu wanatolewa. Sijui zamu yangu itafika saa ngapi, kwa hiyo naomba niseme kabla sijatolewa. Dada wa Nakuru ameniuliza kwa nini nimepiga kura ya kulia. Dada, mambo ya mirengo mimi siyajui. Mkono wa kulia naujua, huu hapa umeshika pasi. Ila niliona swali, kundi hili ni la nini, na pale chini nikaona kulia. Nikasema, hilo ni kweli, hilo nimelifanya. Mimi nililia humu. Siku ile ya mama sikuwa na pengine. Hapa ndani nikilia watoto wanaogopa, na madam anasema bas, bas, inatosha. Nikabonyeza simu nikalia bila kutoa sauti, ili mnisikie nyinyi. Dada admin aliifuta ile sauti. Labda nilikosea sheria, sijui, nisameheni. Lakini msilifunge. Mkilifunga nitakwenda kulia wapi?"

Kisha pasi, fss, na ikakatika.

Pazia likavutwa. Mwenzangu alikuwa amekaa kitandani na sare yake, kofia iko magotini. Ilikuwa siku ya tisa hajaniangalia usoni.

"Uliifuta?" aliniuliza.

"Nilidhani ni pasi tu. Nilidhani imejibonyeza."

"Na hiyo pasi ilikuwa imeshikwa na nani?"

Nilikuwa nimesikiliza sekunde chache katika dakika nne. Mwanamke mzima, mwenye watoto, niliyefiwa na wazazi wote wawili, nilimsikia mtu anavuta pumzi katikati ya mvuke nikasema huo ni uchafu, ngoja niutoe. Na ujumbe uliofutwa kwa wote hakuna anayeweza kuurudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwanza niliwarudisha wale saba. Mwenzangu alinisomea majina, mimi nikawa naongeza. Msomi aliporudi alisikiliza sauti ile, kwa sababu kuna mtu alimtumia, akaandika maneno mawili tu, "Nimeshajibiwa," na tangu hapo hajatuuliza tena habari za itikadi. Leo ndiye anayewajazia watu fomu za Kiingereza, bila kuwauliza ni wa upande gani. Tuliona simu inaonyesha mzee wa Unguja anaandika, anaacha, anaandika. Mwishowe akatuma: "Mwanangu, umesema kwa ufasaha. Sina cha kurekebisha."

Mwenzangu alifuta ujumbe wake wa kumsuta mdogo wetu, kisha akaniambia nifanye haraka, saa ya pasi inaisha.

Nikabonyeza kurekodi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kusema, mdogo wangu, mimi dada yako nimekukosea. Nilitaka kusema kundi halifungwi, na hata lingefungwa mlango wangu upo. Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nililia. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama yangu mwenyewe, ambaye niliambiwa msiba wake nikiwa na fagio mkononi nikaendelea kufagia. Mwenzangu alihamia kwenye kitanda changu, akanishika bega, naye akawa anapenga kamasi kwenye leso yake. Hakuna aliyekumbuka simu. Niliponyanyua kidole ujumbe ulikuwa umekwenda: dakika tatu na zaidi, kiyoyozi kinanguruma, na humo ndani wanawake wawili wazima, wa kushoto mmoja na wa kulia mmoja, hawasemi neno.

Nikataka kuufuta. Kidole kilikuwa kimeshafika, ni mazoea. Mwenzangu akaichukua simu mkononi mwangu, akaiweka chini ya mto wake, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Watu hawakusema chochote kuhusu ujumbe ule, nao ni watu wasiojua kunyamaza. Siku ya pili, alasiri, saa ya pasi, mdogo wetu aliandika. Ni mara chache sana yeye kuandika.

"Nimeisikiliza yote, dada. Mpaka mwisho."